Kila Mtu Ananiambia Nishukuru, Nami Naona Kama Naongopa

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Naandika usiku, watoto wamelala na baba yao kalala, maana mchana sipati hata nafasi ya kukaa chini.

Mume wangu alikuwa dereva wa fuso. Msimu wa machungwa akipakia Muheza kupeleka Dar es Salaam, msimu ukiisha anabeba chochote kinachopatikana. Miezi mitano iliyopita tulikuwa tunakula chakula cha usiku, kikombe cha chai kikamponyoka. Nikadhani usingizi, kwa sababu alikuwa ametoka safari. Kumtazama usoni, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala. Alilazwa, akaruhusiwa, sasa anatembea kwa kushika ukuta, mkono wa kulia bado haujarudi na maneno yanamtoka vipande vipande. Mtu aliyekuwa akichekesha baraza zima leo anaomba maji kwa kunyoosha kidole, na nisipomwelewa analia.

Tajiri wake alituletea mshahara wa mwezi mmoja na mfuko wa mchele. Baada ya hapo simu zangu hapokei. Nilipomwambia wifi yangu kwamba nataka nimfuate, akanijibu, "Shukuru hicho ulichopata, wengine hawapewi hata pole."

Mimi nauza vitumbua. Naamka saa tisa usiku, saa kumi na mbili nipo barazani na beseni langu, na hivyo vitumbua ndivyo vinavyotulisha wote. Shule hatulipi ada, lakini michango, madaftari na nauli ya huyu mkubwa aliye kidato cha pili vinataka fedha vilevile. Na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Sasa Shangazi, kinachoniumiza ni hili. Kila anayekuja kututazama ananiambia nishukuru. Wifi yangu hunitumia sauti kwenye simu kila asubuhi: mumeo yu hai, wenzako wako eda, Mwenyezi Mungu amesema mkishukuru nitakuzidishieni. Jirani mmoja akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, humo kila siku alfajiri unaandika mambo matatu unayoshukuru. Nimejaribu. Naandika "nashukuru kwa uhai, nashukuru kwa watoto, nashukuru kwa pumzi", najibiwa maua na mioyo, nami ndani hakuna kitu. Siku moja niliandika nikafuta, nikaona namwongopea Mungu.

Wananiambia pia niishi leo, nisiwaze ya kesho. Nitaiachaje kesho nayo ina kodi? Mwili uko jikoni, akili imeshafika mwisho wa mwezi, na kila siku vitumbua kadhaa vinaniungua. Nikiikimbia kesho naangukia jana: alivyokuwa akirudi safari, akifika kona anapiga honi moja fupi, watoto wanatoka mbio. Wiki iliyopita nilimfokea kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Nilimfokea kama mtoto, Shangazi. Akageukia ukutani.

Je, mimi nimekufuru neema? Na huku kuishi leo kunakuwaje kwa mtu wa hali yangu?

Mama wa vitumbua, Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole isiyo na "lakini" nyuma yake.

Nianze na hilo la kukufuru neema, maana naona linakunyima usingizi kuliko hiyo kodi. Wifi yako amekusomea aya ya Sura Ibrahim, na aya ni ya haki. Ila msahafu ni huohuo wenye Sura Yusuf. Humo mna Nabii Yaqub, mtume wa Mungu, aliyelia kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Watoto wake walipomshangaa, aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Hakuna aliyemwandikia kufuru. Na Mtume wetu, alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim, alitokwa na machozi mbele za watu, akasema jicho linalia na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Basi machozi yanakaa na imani nyumba moja. Lia mwanangu. Wewe hujafiwa, lakini umepotelewa: na mume uliyemzoea, na kipato, na usingizi, na ile honi ya kona. Hayo nayo yana msiba wake, ingawa hayana matanga.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na alhamdulillah mdomoni, na nisingependa tuiache. Lakini tumeigeuza kifuniko pia. Mtu akianza kueleza lililomsibu, msikilizaji anamuwahi na "shukuru", mazungumzo yanafunikwa hapohapo, na msikilizaji anaondoka bila kudaiwa kitu. Hakukaa na mgonjwa, hakuacha hata shilingi elfu, hakuosha hata sufuria. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wakikuambia ushukuru, itikia "alhamdulillah" kwa adabu, kisha waambie unachohitaji. Utawajua nani ni nani.

Na hapo hapo nifike kwa huyo tajiri, maana hili la "shukuru hicho ulichopata" limenikera kuliko yote. Kushukuru kidogo ulichopewa hakufuti haki yako iliyobaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeugua likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi kuna cheti cha daktari. Mshahara wa mwezi mmoja na mfuko wa mchele haufiki huko. Uliza pia kama alikuwa akimchangia mumeo NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa mwajiri wa sekta binafsi analazimika kuchangia, na mfuko huo una pensheni ya ulemavu kwa mwanachama anayetimiza masharti. Madereva wengi wa fuso wanafanya kazi kwa maneno tu, najua, na huenda tajiri akadai mumeo alikuwa kibarua. Mwache adai. Wewe chukua vyeti vya hospitali, ujumbe wowote wa simu unaoonyesha safari na malipo, uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ueleze. Muda wa kupeleka malalamiko kule ni mfupi, na aliyechelewa huomba aongezewe muda kwa kutoa sababu. Kuuguza ni sababu ya kuelezeka, kwa hiyo nenda wiki hii.

Sasa hilo kundi la alfajiri. Kwamba kushukuru kunasaidia, si maneno ya mawaidha tu. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha majaribio ambamo baadhi ya watu waliandika mambo ya kushukuru na wengine wakaandika kero zao. Walioshukuru walijiona wana nafuu zaidi ya maisha, na jaribio mojawapo lilikuwa la watu wenye maradhi ya misuli na mishipa ya fahamu, watu wenye taabu zao hasa. Ila kuna upande ambao wanaoanzisha makundi haya hawausemi. Sonja Lyubomirsky na wenzake walijaribu tena, wakakuta walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu kwa wiki hawakuona tofauti. Mimi hilo halinishangazi. Jambo ukilirudia kila alfajiri kwa sababu kundi linangoja, ulimi unasema na moyo umelala. Hukumwongopea Mungu, mwanangu. Ulikuwa unajaza fomu.

Jitoe kwenye hilo kundi, au baki humo usome tu kimya kimya. Chagua siku moja, tuseme Ijumaa, na uandike jambo moja lililotokea kweli wiki hiyo. Acha "uhai" na "pumzi", hayo ni makubwa mno kushikika. Andika kitu chenye mtu ndani yake. Usiku ule mumeo alipoanguka, nani alimbeba? Gari lilitoka wapi? Ni mteja gani anachukua vitumbua vya elfu moja na kusema chenji baki nayo? Huyo binti wa kidato cha pili, anapokuoshea vyombo kabla hajavaa sare, umewahi kumwambia kwamba umeona? Mtume amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Basi ukishaandika, mwendee mtu huyo umwambie, kwa mdomo, na utaje kitu chenyewe: "Usiku ule uliacha abiria wako ukatupeleka hospitali, sijakusahau." Usipake sukari. Utaona ilivyo tofauti na kutuma maua kwenye simu, kwa sababu shukrani ya namna hii inakurudishia watu, na mwenye kuuguza kitu kinachomuua mwanzo ni upweke.

Mtu wa kwanza kwenye orodha hiyo naomba awe mumeo.

Najua utaniuliza umshukuru kwa lipi, naye anakulaza macho. Ndiyo maana kwanza umpe kazi. Mtu aliyeendesha fuso usiku kucha, akalisha nyumba, leo analishwa na kupanguswa, na kila anachokipokea ni huruma. Huruma ikizidi inamvunja mwanamume. Wewe kila siku unaloweka mchele wa vitumbua, na mchele unachaguliwa kabla ya kulowekwa. Mkalishe mkekani, mgongo kwenye ukuta, mwekee sinia mapajani na mchele upande mmoja. Mkono wa kushoto uchague mawe na chuya, uzisogeze nafaka safi upande wa pili. Mkono wa kulia uulaze kwenye ukingo wa sinia, hata kama unateleza, uurudishe, uteleze tena. Atachelewa. Utatamani umnyang'anye sinia umalize mwenyewe kwa dakika tano. Usimnyang'anye. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo mwili unajifunza upesi zaidi, na mkono usiotumika unazidi kusahau. Ukienda kliniki ya mazoezi ya viungo waeleze kazi hiyo, wakuonyeshe namna ya kuushika huo mkono usiumie. Akimaliza, mshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekufanyia kazi, kwa kuwa amekufanyia. Fedha za mauzo pia, azihesabu yeye jioni. Hesabu ya safari aliijua, hii itamshinda nini?

Kuhusu kulia kwake: kiharusi chenyewe huweza kulegeza breki za machozi, mtu akalia au akacheka bila kiasi kinacholingana na jambo lenyewe. Halafu kuna sonona, maradhi ya huzuni nzito, ambayo inampata takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi, na ina tiba. Daktari aambiwe. Na dawa za presha asiache hata akijisikia mzima, maana kiharusi cha pili huwapata wengi waliodhani wamepona.

Ile siku ya kijiko, mwombe radhi. Maneno machache yanatosha, atakuelewa, hata yeye maneno yakimkwama. Usirudi kujitesa nayo zaidi ya hapo.

Nije kwenye kuishi leo. Umeuliza vizuri, kesho yenye kodi utaiachaje. Huwezi kuiacha, na asiyewaza kodi ni yule ambaye hajapanga nyumba. Lakini kesho yako imejitanua hadi inakukalia saa tisa ya usiku, wakati mwenye nyumba amelala na hata ukiwa na fedha mkononi huna wa kumlipa. Ipe saa yake. Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani walianza kupima njia hii miaka ya 1980: mwenye wasiwasi anatengewa nusu saa kwa siku, mahali palepale, wakati uleule, awaze atakavyo. Wewe chukua baada ya swala ya alasiri. Kaa na daftari, waza kodi mpaka uchoke, andika ni shilingi ngapi, zitatoka wapi, nani wa kumwona kesho asubuhi. Linaloweza kufanywa liandikie siku. Lisilofanyika leo liache kwenye ukurasa. Wazo la kodi likija jikoni alfajiri, liambie lisubiri alasiri. Litakuja tena, uliambie tena. Siku za mwanzo utaona kama mchezo wa kitoto.

Kisha rudi kwenye kikaango. Sikuambii ufumbe macho upumue, nani ana nafasi hiyo na mafuta yako motoni? Nakuambia utazame unachokifanya, kwa kuwa kitumbua hakichomwi na mtu aliye mwisho wa mwezi. Unga ukiingia kwenye tundu yanatoka yale mapovu ukingoni. Harufu ya iliki inapanda. Juu panaanza vitundu vidogo, ukingo unageuka rangi na kujibandua kwenye chuma, hapo ndipo unapopenyeza kijiti na kukigeuza. Ukiwahi kinapasuka, ukichelewa kinaungua, na wewe unajua kuliko mimi. Akili ikikimbia, na itakimbia, irudishe kwenye kile kitumbua kilicho mbele yako bila kujitukana. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote wa siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu nusu ya muda akili zao hazikuwa kwenye kile walichokuwa wakikifanya, na zilipokuwa mbali furaha yao ilikuwa pungufu kuliko zilipokuwapo. Hata waliowaza mambo matamu hawakuwa na furaha kuwazidi waliokuwa kwenye kazi iliyo mbele yao. Kwa hiyo hata ile honi, mwanangu, isikie, tabasamu au ulie, halafu geuza kitumbua.

Usinielewe vibaya, kumbukumbu zako ni zako. Siku mkiwa wawili, msimulie mumeo ile honi. Anaweza kucheka kabla hujamaliza.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Unaamka saa tisa, unauguza, unalea, unauza. Miezi mitano bila mapumziko hakuna moyo unaoweza kushukuru, kwa sababu mwili umekwisha. Wifi yako ana nguvu ya kutuma sauti kila asubuhi, basi ana nafasi. Mwambie kwa upole, na uwepo mtu mzima wa familia anasikia: "Wifi, nashukuru kwa kutukumbuka, nakuomba Jumapili mchana uje ukae na kaka yako, nilale." Huo si utovu wa adabu, ni nduguye wa damu. Akija, usibaki kumpikia na kumpigisha soga, ingia chumbani ulale. Na Bombo, hospitali yetu ya mkoa, uliza ofisi ya ustawi wa jamii, kwani familia isiyomudu gharama hupimwa hali yake pale na inaweza kusamehewa.

Ukiona wiki mbili zinapita hupati usingizi hata ukipata nafasi, chakula hakipandi, hakuna linalokugusa, au linakujia wazo kwamba heri usingekuwapo, hapo usihangaike na madaftari wala na barua yangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo umweleze daktari kama ungemweleza homa. Likikujia hilo wazo la mwisho, usikae peke yako hata kwa saa moja.

Mwenye nyumba mwendee kabla hajakujia. Nenda asubuhi baada ya mauzo, na kodi ya mwezi mmoja mkononi kama unaweza kuikusanya, umweleze hali ya mumeo na uombe kulipa mwezi kwa mwezi mpaka shauri la tajiri liishe. Akikubali, andikianeni, na mtie saini wote wawili.

Shangazi